Treni ya abiria kwenye reli ya mizigo: kwanza tuambiwe nani anampisha nani

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naandika kwa sababu siku hizi haipiti muda bila kukuta mtu anasema dawa ya foleni za mjini tunayo machoni kila siku, ni ile reli ya mizigo inayokatiza katikati ya makazi ya watu, reli ipo, watu wapo, wekeni mabehewa basi tupande. Na picha huwa ni ile ile, reli inang'aa juani haina kitu, pembeni yake barabara imejaa magari hayasogei. Mi nikiiona ile picha nacheka peke yangu. Nimefanya kazi reli miaka mingi, sehemu kubwa kwenye chumba cha kontrol, pale panapoamuliwa treni ipi ipite na ipi isubiri, na kitu cha kwanza unachojifunza mle ndani ni kwamba reli ikionekana tupu haina maana kwamba iko tupu.

Chukua treni ya mzigo yenye urefu wa kilomita moja na nusu, tuseme inakwenda kilomita 50 kwa saa. Kukupita tu wewe uliyesimama kwenye kivuko, tangu kichwa mpaka behewa la mwisho, ni karibu dakika 2. Na haisimami kama basi, dereva akishavuta breki ule uzito bado unasukuma, inaweza kula kilomita nzima na zaidi ndio itulie. Kwa hiyo mbele yake lazima pawe peupe, na nyuma yake pia, manake anayemfuata naye ni mzito vile vile. Kile kipande unachokiona kimya, watoto wanakatiza kwenda shule, kimeshachukuliwa na treni ambayo hata honi yake hujaisikia.

Kabla kompyuta hazijaingia tulikuwa tunachora. Karatasi kubwa ya grafu, vituo vimepangwa kutoka juu kwenda chini, saa zinatembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kila treni ni mstari mmoja wa penseli unaoshuka au unaopanda. Treni ya haraka mstari wake umesimama wima wima, ya polepole umelala. Ukiwa na mizigo mitupu, yote inalala sawa, unaipanga kama vijiti vya ufagio, inaingia mingi tu. Ukiwa na abiria watupu hivyo hivyo. Shida inaanza ukichanganya, kwa sababu mstari uliosimama ukiuweka nyuma ya mstari uliolala lazima uache nafasi kubwa katikati, la sivyo unaugonga njiani, na ile pembe tatu nyeupe inayobaki kwenye karatasi haifai kwa lolote, hakuna treni inayoingia pale.

Hebu tupige hesabu ndogo. Kipande cha kilomita 40, treni ya mzigo inakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa, inamaliza kwa saa nzima. Ya abiria isiyosimama njiani inakwenda 80, inamaliza kwa nusu saa. Maana yake ya abiria ikiondoka dakika 10 baada ya mzigo itamkuta njiani kabla hajafika nusu ya safari, kwa hiyo inabidi isubiri zaidi ya nusu saa ndio iondoke. Treni moja tu hiyo imekula nafasi ambayo zingepita treni mbili tatu za mzigo. Sasa mtu anakuja na plani ya treni kila baada ya dakika 15, hajachora hata mstari mmoja.

Na kuna mtu ataniambia mzee hizo za mjini zinasimama kila kituo, wastani wake si unakuwa mdogo, zitalingana na mizigo. Hapo ndio pabaya zaidi. Treni ya abiria inaruka, inasimama, inaruka tena. Mzigo uliopo nyuma yake unaona taa ya njano, unapunguza, unaona tena njano, unapunguza tena, na mzigo ukishapunguza mpaka karibu kusimama kuuamsha sio mchezo, hasa kama kuna mwinuko, wenzako wameshafika kituo cha tatu wewe bado unavuta. Kwa hiyo anayechelewesha sio mzigo peke yake, na abiria naye anauchelewesha mzigo, na wenye mzigo wanalijua hilo, ndio maana ukiwafuata na mabehewa yako mapya wanakuangalia hivi hivi.

Hayo yote nazungumzia njia mbili, reli moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Kwenye njia moja ndio usiseme. Njia moja treni zinapishana kwenye lupu, ile reli ya pembeni inayotoka kwenye njia kuu halafu inarudi, mmoja anaingia pembeni anasubiri, mwingine anapita. Sasa sikiliza kitu ambacho kwenye michoro mizuri ya wataalamu hutakikuta. Lupu nyingi zilijengwa zamani kwa treni fupi. Mizigo imerefuka, lupu zimebaki vile vile. Treni ya kilomita moja na nusu haiingii kwenye lupu ya mita 700 hata ukiiombea dua. Kwa hiyo hata kama maandishi yanasema abiria apewe kipaumbele, anayeingia pembeni kusubiri ni yule anayeenea, na anayeenea siku zote ni abiria.

Marekani wana sheria ya mwaka 1973 inayosema treni za Amtrak, shirika lao la abiria wa safari ndefu, zipewe nafasi kabla ya mizigo kwenye reli za makampuni ya mizigo. Sheria kabisa. Lakini kwa miaka na miaka abiria wa safari ndefu kule wamekuwa wakikaa kwenye lupu wanaangalia makontena yanapita dirishani, na sababu mojawapo kubwa ni hiyo hiyo, mzigo mrefu kuliko lupu. Sheria haiwezi kukunja treni.

Mimi yalinikuta. Jioni moja, treni ya abiria ya saa 11 na dakika 40, imejaa, watu wametoka kazini. Kinyume chake unakuja mzigo mrefu. Nikaiingiza ya abiria kwenye lupu, kwenye karatasi ilikuwa isubiri dakika 9. Dakika ya 9 mzigo haujaonekana. Dakika ya 15 nampigia stesheni masta wa mbele, ananiambia umesimama katikati, breki zimejishika zenyewe. Tuliojua tulishajua, mpira wa breki, ule unaopitisha hewa toka behewa hadi behewa, umepasuka mahali, na hewa ikitoka breki zinashika. Na treni ya aina ile mpira ukipasuka hakuna taa inayokuonyesha ni behewa lipi, mtu anashuka na tochi anatembea kwenye kokoto anasikiliza hewa inatokea wapi, behewa moja baada ya jingine, akilipata anabadilisha mpira, anarudi kilomita nzima mpaka kwenye kichwa, wanasubiri hewa ijae tena. Abiria walikaa pale dakika 53. Baada ya nusu saa wakaanza kushuka. Stesheni masta ananieleza kwenye simu, wanawake wameshika viatu mkononi, wanaume wamebeba watoto mabegani, wanafuata mataruma gizani kuelekea barabarani kutafuta basi, na mimi nimeshika penseli nafuta mstari, nachora, nafuta tena, huku nikipiga simu kila stesheni wasiruhusu kitu chochote kusogea kwa sababu kuna watu wako relini.

Kesho yake ile treni ilikuja kwa wakati, dakika haikupotea. Lakini waliopanda walikuwa wachache, na kesho kutwa wachache zaidi. Mtu akishatembea na viatu mkononi mara moja humwambii kitu. Ofisini ikaandikwa kwamba mwitikio wa abiria umepungua. Mwitikio! Nilikasirika siku ile na mpaka leo nikilisikia hilo neno nakasirika.

Kwa hiyo Mhariri swali langu kwa kila anayeleta mpango wa treni za abiria kwenye reli ya mizigo ni moja, nani anampisha nani, na imeandikwa wapi. Mabehewa ya rangi gani, viti vingapi, kuna waifai au hakuna, hayo baadae.

Nisionekane mpinzani. Mi nazitaka hizi treni kuliko hao wanaopiga picha. Na zinawezekana, miji mingi imefanya, ila waliofanikiwa ukiwaangalia vizuri wengi wao walianza na mzigo ndio wakaja kwa abiria. Toronto, Kanada, treni za abiria za mjini zinazoitwa GO zilianza Mei 1967 kwenye njia ya CN, kampuni ya reli ya mizigo, inayopita kando ya ziwa. Watu wanahesabia hapo. Lakini miaka miwili kabla, 1965, CN walishafungua njia nyingine ya kuzunguka kaskazini ya mji pamoja na yadi kubwa mpya ya kupangia mabehewa, mizigo ikahamia huko, ndio njia ya ziwani ikapata pumzi. Treni za GO ziliingia kwenye nyumba iliyoshahamwa. Sasa linganisha na njia ya Milton, mji huo huo, treni za GO hizo hizo, ilianza 1981 kwenye reli ya kampuni nyingine ya mizigo, mizigo haikuhama, na kwa zaidi ya miaka 40 imekuwa ni treni za kuingia mjini asubuhi na kutoka jioni siku za kazi, basi. Watu wa huko wameomba treni za mchana na za wikiendi mpaka wamechoka. Serikali moja, mabehewa yale yale, tofauti ni nani mwenye reli na mzigo uko wapi.

Wajapani nao hivyo hivyo. Mwaka 1973 walifungua njia ya Musashino inayozunguka Tokyo, lengo kubwa likiwa kuitoa mizigo katikati ya mji. Mizigo ilipotoka, zile reli za mizigo zilizokuwa sambamba na Yamanote, njia ya abiria inayozunguka katikati ya mji, zikabaki na nafasi, zikaja kupewa treni za abiria za Saikyo, ambazo mwaka 1986 zilifika Shinjuku. Na kule Osaka kuna njia ya zamani ya mizigo iliyokuwa inazunguka upande wa mashariki, wakaiwekea vituo, kipande cha kwanza cha abiria kikafunguliwa 2008, cha pili mpaka Shin-Osaka 2019. Hesabu mwenyewe, kati ya kipande cha kwanza na cha pili ni miaka 11, na hao ni Wajapani ambao treni ikichelewa dakika moja wanaomba radhi.

Dar es Salaam wao walianza kwa haraka, Oktoba 2012, treni za mjini kwenye reli mbili tofauti, ya kati na ya TAZARA, reli zile zile za mizigo na safari ndefu. Watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Mwezi uliofuata Nairobi wakafungua stesheni mpya ya Syokimau kwa treni zao za mjini. Hao walithibitisha kitu kimoja ambacho hakuna haja ya kulipia utafiti tena, kwamba watu watapanda. Weka treni, hata ya mabehewa ya zamani, itajaa. Swali la kama watu watapanda lilishajibiwa, tuliache.

Kuna njia nyingine ya kugawana, kugawana saa badala ya reli. San Diego, Marekani, walifungua treni zao za umeme za mjini 1981 kwenye reli ya zamani ya mizigo, mchana wa abiria, usiku sana mizigo inapita kwenye reli hiyo hiyo. Ni rahisi na ni salama, treni nyepesi ya abiria haikutani na mzigo kamwe. Lakini ina bei yake. New Jersey wana njia inaitwa River Line, kati ya Camden na Trenton, ilianza 2004 kwa mtindo huo, na kwa sababu usiku ni wa mizigo treni za abiria ikabidi zikome mapema, kama saa 4 usiku hivi. Sasa mfikirie nesi anayetoka shifti saa 5, mlinzi, dada anayefagia ofisi za watu. Hao ndio hawana gari, hao ndio treni ingewafaa kuliko mtu mwingine yeyote, na hao ndio ratiba imewafungia mlango. Sisemi mtindo huu mbaya, nasema atakayeuchagua awaambie hao watu mapema, wasije wakajua siku ya kwanza stesheni imefungwa.

Sydney waligeuza, saa za watu wengi asubuhi na jioni mizigo ilikuwa hairuhusiwi kuingia kwenye njia za abiria. Ukiwa na mzigo wako ukafika mlangoni saa 12 asubuhi kidogo umechelewa, unakaa nje mpaka watu wafike kazini. Wenye mizigo wakalia, na walikuwa na haki ya kulia, mwisho wakajengewa njia yao kusini ya mji, kilomita 36, Januari 2013 ikafunguliwa. Njia moja tu, lakini ya kwao.

Hapa naomba niwatetee wenye mizigo kidogo, nimewabebea miaka yote. Treni ya mabehewa 40, kila behewa tani 50, ni tani 2,000. Kwa malori ya tani 30 hayo ni malori 66 na zaidi. Treni moja! Ukiuzuia mzigo saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni, mwenye mzigo atavumilia mwezi wa kwanza, wa pili atapiga simu kwa mwenye malori. Halafu yale malori yatapita wapi? Barabara ile ile uliyokuwa unataka kuipunguzia foleni. Umetoa magari madogo umeingiza malori. Kwa hiyo anayesema wapisheni abiria, mizigo itajijua, naye hajachora mstari.

Ndio maana mimi naamini kwenye vitu vidogo visivyopigwa picha. Kurefusha lupu mbili tatu. Kuongeza reli ya tatu kwenye kipande cha kilomita chache pale panapobana. Kujenga daraja pale njia ya mizigo inapokata njia ya abiria. Chicago walikuwa na makutano sehemu ya Englewood, njia ya treni za abiria za Metra, treni 78 kwa siku, inakatwa na njia ya mizigo na Amtrak, treni kama 60, zote kwenye usawa mmoja, mmoja akipita mwingine anasimama. Wakajenga daraja la reli, likaisha 2014, dola milioni 142. Hakuna behewa jipya hata moja lililonunuliwa kwenye ile hela lakini kila aliyekuwa anapanda pale ameipata faida. Los Angeles wao walichimba, njia ya mizigo ya Alameda kutoka bandarini, 2002, kilomita 32 na karibu nusu yake imo ndani ya mfereji kama mita 10 kwenda chini, vivuko vya barabara kama 200 vikaondolewa. Dola bilioni 2.4 hiyo, sio kila mtu anaiweza, najua.

Na hata kitu kidogo kikifanywa ovyo kinauma. London kuna njia ya Gospel Oak kwenda Barking, ni ya mizigo kweli kweli, abiria walikuwa wanasukumana kwenye treni za dizeli za mabehewa mawili. Ikaamuliwa iwekewe umeme. Njia ikafungwa kuanzia Juni 2016, ikafunguliwa Februari 2017 kazi haijaisha, nguzo nyingine zilichorwa zisizoweza kukaa pale zilipotakiwa, vifaa vingine vimechelewa, ikafungwa tena mwishoni mwa mwaka ule. Treni mpya za mabehewa manne zilianza kubeba watu Mei 2019, nazo zimechelewa. Abiria mwisho wakapewa mwezi mzima wa kusafiri bure kama pole. Waingereza hao, reli wameanzisha wao. Kwa hiyo mtu akikuambia mwaka mmoja tutakuwa tayari, muulize mwaka wa nani.

Kuna mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Kwenye kona reli ya nje inainuliwa kidogo ili treni ilale kama mwendesha baiskeli. Ukiinua kwa ajili ya abiria wa haraka, mzigo wa polepole unaegemea reli ya ndani na kuitafuna, ukiacha chini abiria anapunguza mwendo. Lazima mtu achague, na nani analipa reli iliyotafunwa iandikwe. Jukwaa la stesheni nalo, ukiliinua lilingane na mlango ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa, mzigo mpana unaweza kulikwaruza. Kule California treni za SMART baadhi ya vituo wameweka reli za ziada zinazoingiliana na zile za kawaida, mzigo ukifika pale unasogezwa pembeni hatua chache halafu unarudi kwenye njia. Kitu rahisi, lakini ukikisahau kwenye michoro unakuja kubomoa jukwaa.

Usalama siupitii haraka. Septemba 12, 2008, Chatsworth, upande wa Los Angeles, treni ya abiria ya Metrolink ilipita taa nyekundu ikaingia kwenye njia moja, na kwenye ile njia moja kulikuwa na treni ya mzigo ya kampuni ya Union Pacific inakuja. Watu 25 walikufa, zaidi ya 100 wakaumia. Uchunguzi ukakuta dereva alikuwa anaandika meseji kwenye simu. Meseji! Sisi wa kontrol tukisikia habari kama ile tunanyamaza, kwa sababu kila mmoja anajua usiku wake mmoja ambao ilikuwa kidogo tu. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo, njia za namna ile ziwe na mfumo unaoisimamisha treni yenyewe dereva akipitiliza. Mwisho wa kufunga ulipangwa 2015, ukasogezwa, na kazi ikaja kukamilika mwisho wa 2020. Miaka 12. Na fidia je? Kulikuwa na sheria ya 1997 iliyoweka kikomo cha dola milioni 200 kwa ajali moja, na jaji aliyegawa zile hela alisema wazi hazitoshi kwa wale majeruhi.

Hiyo ndio sababu makampuni ya mizigo ukiwaletea habari ya abiria kitu cha kwanza wanauliza bima, nani atalipa siku hiyo ikifika. Watu wanawaona wana roho mbaya. Mi nawaelewa. Kontena likianguka unalipa kontena. Ila kuwaelewa sio kukubali kila wanachotaka, kwa sababu wapo wanaodai walindwe hata pale kosa litakapokuwa la kwao wenyewe, na mwanasiasa mwenye haraka ya kukata utepe anasaini bila kusoma, mlipa kodi ndio anakuja kuijua ile karatasi baada ya msiba.

Sasa ninachoomba. Naomba mpango wowote wa namna hii ukitangazwa, kabla ya picha za mabehewa itolewe ratiba kamili, namaanisha ya kazi, ile inayoonyesha abiria na mizigo pamoja kwenye karatasi moja, siku nzima, ikiwemo siku mbaya. Siku nzuri kila mtu anaweza kuchora. Nionyeshe mzigo umechelewa dakika 40 halafu niambie nani anaingia lupu gani na anaenea au haenei. Nionyeshe kivuko chenye barabara kubwa, geti litafungwa mara ngapi kwa saa ukijumlisha treni mpya, na gari la wagonjwa litapita wapi. Niambie mwenye reli akiwachelewesha abiria makusudi analipa nini, na abiria wakiuchelewesha mzigo wanalipa nini. Haya yakishakaa kwenye mkataba, nunueni mabehewa hata ya pinki.

Na tafadhali zisiwe za asubuhi na jioni tu. Najua ndio rahisi, mwenye reli anakupa zile saa chache halafu anabaki na siku yake. Lakini treni inayokuleta mjini saa 1 na hairudi mpaka saa 11 inamfaa mtu wa ofisi peke yake, mwenye mtoto aliyeugua shuleni saa 5 hana jinsi. Bora uanze na treni moja kila saa, mchana kutwa, inayokuja kweli, kuliko nane za asubuhi ambazo tano zinakuja. Saa moja sio mara nyingi najua, vijana watasema mzee anatuletea mambo ya kale. Lakini moja kila saa kwenye ile grafu inakaa vizuri, mizigo inapita katikati, kila mtu anajua dakika yake, na lupu ikirefushwa unaongeza ya pili. Hivyo ndivyo mstari unavyozaa mstari. Ukianza na nyingi halafu ukapunguza, hao uliowapoteza huwapati tena, nimeshasema habari ya viatu.

Wapo watakaosema siku hizi kompyuta inapanga yote, penseli imepitwa na wakati. Sawa. Kompyuta itapanga haraka kuliko mimi, sibishi, lakini nayo itakuta lupu ya mita 700 ina mita 700.

Grafu ya jioni ile ninayo nyumbani mpaka leo, niliomba nikapewa siku ninastaafu, walikuwa wanazitupa. Ukiishika kwenye mwanga utaona pale kwenye saa 12 na robo karatasi ina tundu, ni pale nilipokuwa nafuta. Wakiitisha mkutano wa wananchi kujadili hizi treni nitakuja nayo, nitakaa mstari wa nyuma, nitanyoosha mkono.

Mstaafu wa reli, kontrol